Mashine pepe inapogoma kuwaka kupitia mtandao

Mashine pepe ikishindwa kuwaka kwa PXE, yaani kwa kuvuta mfumo kupitia mtandao badala ya diski, mara nyingi kosa haliko ndani yake. Liko kwenye daraja (swichi ya programu) ambalo mashine imeunganishwa nalo, kwenye seva ya pili ya DHCP (inayogawa anwani za IP) ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, au kwenye faili ambayo seva haina ruhusa ya kuisoma. Kubofya huku na kule kwenye mipangilio ya mashine ni kupapasa gizani. Ukilinganisha na kompyuta ya mezani, hapa una upendeleo mmoja mkubwa: kila pakiti inayotoka hupitia kompyuta mwenyeji, ile inayoiendesha mashine pepe, kwa hiyo unaweza kuisikiliza bila kugusa waya wowote.

Maelezo haya yameegemea KVM na libvirt (zana za kuendesha na kusimamia mashine pepe) juu ya Linux, seva ndogo ya dnsmasq ikitoa DHCP na TFTP (itifaki rahisi ya kutuma faili), kwa sababu mpangilio huo huonyesha kila hatua waziwazi. Programu nyingine za mashine pepe, yaani VirtualBox, Hyper-V na Proxmox, zinaguswa pale zinapotofautiana.

## Safari nzima, na pa kuisikilizia

Kadi ya mtandao ya mashine pepe hubeba programu ndogo ya kuwashia. Kwenye BIOS (famuwea ya zamani, yaani programu ya ndani ya kuwashia) ya QEMU, inayoiga vifaa vya mashine chini ya KVM, programu hiyo ni iPXE iliyo ndani ya ROM ya kadi. Kwenye UEFI, mrithi wa BIOS, kazi hiyo hufanywa na famuwea yenyewe. Mashine hutuma DISCOVER (ombi la anwani) kwenda poti ya UDP 67, seva ya DHCP hujibu OFFER, mashine hurudisha REQUEST, seva hufunga mazungumzo kwa ACK. Majibu ya seva lazima yabebe mambo matatu: anwani ya IP, anwani ya seva ya TFTP, na jina la faili ya kuanzia. Mashine huomba faili hiyo kwa TFTP kwenye poti ya UDP 69, huiendesha, nayo huvuta usanidi wake, kisha kerneli (kiini cha mfumo) na initrd (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia).

Kabla ya kubadilisha chochote, fungua dirisha la pili kwenye kompyuta mwenyeji:

```
tcpdump -eni virbr0 -vv 'udp and (port 67 or port 68 or port 69 or port 4011)'
```

Chaguo `-e` huonyesha anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao), na tarakimu zake za mwanzo hukuambia nani anaongea: `52:54:00` ni QEMU na KVM, `08:00:27` ni VirtualBox, `00:15:5d` ni Hyper-V, `00:0c:29` na `00:50:56` ni VMware. Sasa washa mashine. Usipoona DISCOVER hata moja, tatizo liko kwenye mashine au muunganisho wake. Ukiona DISCOVER zinajirudia bila OFFER, DHCP haisikii au haijibu. Ukiona ACK kisha kimya, jina la faili halikutolewa. Ukiona ombi la kusoma faili likirudiwa kwenye poti 69, shida ni TFTP.

Tahadhari moja kuhusu amri hiyo. Ombi la kwanza tu la TFTP ndilo huenda poti 69. Seva hujibu kutoka poti nyingine yoyote iliyo wazi, kwa hiyo data yenyewe haitaonekana hapo. Usihitimishe kwamba faili haitumwi. Ukitaka kuiona, chuja kwa anwani ya mashine badala ya poti.

## Skrini haitaji mtandao kabisa

Unaona `No bootable device`, au `FATAL: Could not read from the boot medium! System halted.` kwa VirtualBox, na tcpdump haina kitu. Angalia kwanza mpangilio wa kuwasha. Katika libvirt unaweka `<boot dev='network'/>` ndani ya `<os>`, au `<boot order='1'/>` ndani ya `<interface>`; viwili hivyo havichanganywi, na ukijaribu, libvirt itakataa kuhifadhi. Katika VirtualBox:

```
VBoxManage modifyvm "seva1" --boot1 disk --boot2 net
```

Pili, ROM ya kadi. Debian na Ubuntu huiweka kwenye kifurushi `ipxe-qemu`, Fedora na ndugu zake kwenye `ipxe-roms-qemu`. Kwenye usakinishaji uliopunguzwa kifurushi hicho wakati mwingine hakipo.

Tatu, waya wa kufikirika. `PXE-E61: Media test failure, check cable` kwenye mashine pepe inachekesha, lakini ina maana: muunganisho umezimwa. Tafuta `<link state='down'/>` kwenye XML (faili ya usanidi) ya mashine, au washa moja kwa moja kwa `virsh domif-setlink seva1 vnet0 up`. Kwa VirtualBox ni `--cableconnected1 on`.

Sababu ya nne ni ya miaka ya karibuni na imewasumbua wengi. Januari 2024 yalitangazwa mapengo ya usalama kwenye sehemu ya mtandao ya edk2, ambayo ndiyo msingi wa OVMF, famuwea ya UEFI ya QEMU, chini ya jina PixieFail. Marekebisho yake yaliifanya sehemu hiyo idai chanzo thabiti cha namba nasibu. Mashine ya UEFI iliyokuwa ikiwaka kwa PXE bila shida inasasishiwa famuwea, na kesho yake menyu yake haina tena chaguo lolote la PXE. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Chaguo limetoweka tu. Dawa ni kuongeza kifaa cha virtio-rng, kinachotoa namba nasibu:

```
<rng model='virtio'>
  <backend model='random'>/dev/urandom</backend>
</rng>
```

Kwa Proxmox: `qm set 105 --rng0 source=/dev/urandom`, kisha zima mashine kabisa na uiwashe upya. Kuianzisha upya kutoka ndani hakutoshi, maana kifaa kipya huonekana tu QEMU inapoanza upya.

Kwa Hyper-V, mashine za kizazi cha 1 haziwaki kwa mtandao kupitia adapta ya kawaida. Zinahitaji ile inayoitwa Legacy Network Adapter, ambayo huendeshwa kwa Mbps 100. Kizazi cha 2 hakina sharti hilo.

## PXE-E51, PXE-E16 au "No configuration methods succeeded"

Maneno matatu, maana moja: mashine imepiga hodi, haikujibiwa. BIOS ya zamani husema E51, OVMF husema E16, iPXE hutoa ule ujumbe mrefu. Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu sababu zake ziko nyingi na hazifanani.

Anza na seva yenyewe. `ss -ulnp | grep ':67 '` lazima ionyeshe dnsmasq. Kama haionekani, soma `journalctl -u dnsmasq`. Kosa la kawaida ni `failed to create listening socket for port 53: Address already in use`: systemd-resolved au dnsmasq ya libvirt imeshashika poti ya DNS, na dnsmasq yako hufa nzima ingawa wewe ulihitaji DHCP tu. Weka `port=0` kuzima DNS yake. Usanidi unaotosha kuanzia ni huu:

```
port=0
interface=virbr10
bind-interfaces
dhcp-range=192.168.150.50,192.168.150.150,12h
dhcp-match=set:bios,option:client-arch,0
dhcp-match=set:efi64,option:client-arch,7
dhcp-match=set:efi64,option:client-arch,9
dhcp-boot=tag:bios,pxelinux.0
dhcp-boot=tag:efi64,shimx64.efi
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
log-dhcp
```

Mstari wa mwisho usiuache. Bila `log-dhcp` utakisia. Ukiwepo, kila ombi huandikwa pamoja na alama lililopewa na jina la faili lililorudishwa.

Seva ikiwa hai na bado hakuna jibu, fuata pakiti kiolesura kwa kiolesura. Sikiliza kwenye `vnet0`, ambayo ni upande wa mashine, kisha kwenye daraja, kisha kwenye kadi halisi. Pale DISCOVER inapopotea ndipo penye kosa. Ikionekana `vnet0` lakini isitoke kwenye kadi halisi, na kompyuta mwenyeji ina Docker (programu ya makontena), umeshampata mkosaji: Docker huweka sera ya FORWARD ya iptables, faiwoli ya Linux, kuwa DROP, na moduli ya `br_netfilter` ikiwa imepakiwa, hata pakiti zinazopita ndani ya daraja hupitishwa kwenye iptables na kutupwa. Hakiki kwa `sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables`. Ikirudisha 1, ruhusu daraja lako:

```
iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT
```

Wengine hupenda kuweka thamani hiyo kuwa 0. Inafanya kazi, lakini inagusa madaraja yote, na makontena yanaweza kuitegemea. Sheria moja ya daraja moja ni salama zaidi.

Sababu nyingine ni STP, itifaki inayozuia mizunguko kwenye mtandao. Daraja lenye STP huiweka poti mpya katika kusikiliza kwa sekunde 15, kisha kujifunza kwa sekunde 15 nyingine, kabla ya kuanza kupitisha pakiti. Mashine pepe hujiunga na daraja pale tu inapowashwa, kwa hiyo kila mara huanza upya zile sekunde 30, na programu ya PXE hukata tamaa mapema. Dalili yake haikosei: jaribio la kwanza linashindwa, ukijaribu tena bila kuzima mashine linafaulu. Kwenye daraja lililo ndani ya kompyuta moja bila mzunguko:

```
ip link set br0 type bridge stp_state 0
ip link set br0 type bridge forward_delay 0
```

Mtandao wa `default` wa libvirt hauna shida hii kwa sababu XML yake ina `delay='0'` tangu mwanzo. Walioathirika ni wale waliojitengenezea `br0` kwa mkono.

Faiwoli ya mwenyeji nayo. Firewalld ina zoni ya `libvirt` inayoruhusu DHCP na TFTP, lakini daraja ulilotengeneza mwenyewe litaangukia zoni ya kawaida. `firewall-cmd --get-zone-of-interface=br0` itakuambia liko wapi; ongeza `--add-service=dhcp` na `--add-service=tftp` kwenye zoni hiyo.

Halafu kuna Wi-Fi. Usiunganishe daraja na kadi ya Wi-Fi ya laptopu ukitegemea PXE. Kituo cha Wi-Fi hukubali fremu kutoka kwa MAC iliyojisajili nacho tu, na mashine pepe ina MAC yake. VirtualBox hujaribu kubadilisha anwani njiani, na mashine ikishawaka intaneti inaweza hata kufanya kazi, lakini hatua ya kuwasha kwa kawaida hufia hapo. Tumia mtandao wa ndani na dnsmasq yako kwenye laptopu hiyohiyo.

## Mafahali wawili katika zizi moja

IP imepatikana, skrini inaionyesha, kisha: `PXE-E53: No boot filename received`, au iPXE inasema `Nothing to boot`. DHCP fulani imejibu, ila si ile uliyoisanidi. Hesabu seva zilizopo:

```
nmap --script broadcast-dhcp-discover -e br0
```

VirtualBox ina mtego wake maarufu. Mtandao wake wa mwenyeji pekee huja na DHCP yake kwenye 192.168.56.100, ambayo haijui lolote kuhusu PXE na hujibu upesi. Iorodheshe kwa `VBoxManage list dhcpservers`, kisha:

```
VBoxManage dhcpserver modify --network=HostInterfaceNetworking-vboxnet0 --disable
```

Kama unachohitaji ni mashine moja tu ya kujaribia, VirtualBox katika hali ya NAT (mashine ikijificha nyuma ya anwani ya mwenyeji) haihitaji seva yoyote. Ina TFTP ya ndani. Weka faili zako kwenye `~/.config/VirtualBox/TFTP` kwa Linux au `.VirtualBox\TFTP` kwenye folda yako ya mtumiaji kwa Windows, na uipe faili ya kuanzia jina la mashine likifuatiwa na `.pxe`. Mashine `seva1` hutafuta `seva1.pxe`, herufi kwa herufi. Ukibadilisha jina la mashine, itakosa faili yake.

Kwenye libvirt, faili hutajwa ndani ya mtandao wenyewe:

```
<ip address='192.168.122.1' netmask='255.255.255.0'>
  <tftp root='/srv/tftp'/>
  <dhcp>
    <range start='192.168.122.2' end='192.168.122.254'/>
    <bootp file='pxelinux.0'/>
  </dhcp>
</ip>
```

Baada ya `virsh net-edit default` mabadiliko hayaanzi kazi hadi `virsh net-destroy default` na `virsh net-start default`. Zima mashine zinazoutumia kwanza, la sivyo zitabaki zimening'inia bila daraja. Neno `destroy` linatisha bure. Hapa linasimamisha mtandao tu, usanidi wake haufutwi.

Kwenye ofisi au maabara ambako DHCP ni ya ruta ya kampuni ya intaneti na huruhusiwi kuigusa, usiizime wala usishindane nayo. dnsmasq inaweza kukaa pembeni kama proksi, ikiongeza taarifa za kuwasha bila kugawa anwani:

```
dhcp-range=192.168.1.0,proxy
pxe-service=x86PC,"Sakinisha",pxelinux
pxe-service=X86-64_EFI,"Sakinisha",shimx64.efi
```

Hapo kumbuka kufungua poti ya UDP 4011 pia. Ukiona `PXE-E55` ni kwamba proksi imesikika kwenye tangazo la kwanza lakini poti hiyo haijibu.

## Faili inajulikana, haifiki

`PXE-E32: TFTP open timeout` na `PXE-E18` ya OVMF humaanisha kimya: ombi halikufika au jibu halikurudi. `PXE-T01`, `PXE-E3B` na `PXE-E23` humaanisha seva imejibu, na jibu ni hapana. Tofauti hiyo inakuokolea nusu saa. Kimya ni suala la njia. Hapana ni suala la faili.

Jaribu kutoka kompyuta nyingine au mashine pepe nyingine kwenye mtandao uleule:

```
curl -o /tmp/jaribio tftp://192.168.150.1/pxelinux.0
```

Ikikataa, angalia ruhusa. Seva ya TFTP husoma kama mtumiaji asiye na cheo, kwa hiyo faili lazima isomeke na wote na kila folda juu yake ipitike: `chmod -R a+rX /srv/tftp`. Kosa la watu wengi ni kuweka faili ndani ya `/home/jina`, ambako folda ya juu kabisa imefungwa. Kwenye mifumo yenye SELinux (ulinzi wa ziada unaotumia lebo), faili iliyohamishwa kwa `mv` hubaki na lebo ya ilikotoka. Endesha `restorecon -Rv /var/lib/tftpboot`. Na Linux hutofautisha herufi: `BOOTX64.EFI` si `bootx64.efi`.

Kama ni kimya, na kati ya mashine na seva kuna NAT au faiwoli, kumbuka lile la poti: jibu hutoka poti tofauti na 69, na faiwoli huliona kama mgeni. Pakia `nf_conntrack_tftp`, au bora zaidi, hamishia seva kwenye mtandao uleule wa mashine.

Kuna kukwama kwa namna ya tatu: faili inaanza, asilimia kadhaa zinapita, kisha inaganda. Faili ndogo zinafika, kubwa hazifiki. Shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Bloku ya TFTP ya baiti 1468 ikiongezewa vichwa vya TFTP, UDP na IP hufika baiti 1500 kamili, na mtandao wa mashine pepe unaopita ndani ya VXLAN (mtandao uliofungwa ndani ya mwingine) kwa kawaida una 1450 tu. Weka `tftp-mtu=1400` kwenye dnsmasq, au `--blocksize 1400` kwa tftpd-hpa. Mtuhumiwa mwingine ni namba ya bloku, ambayo ni biti 16. Kwa bloku za baiti 512, bloku 65,535 ni kama MB 33.5. Kwa 1468 ni kama MB 96. Seva au kipakuaji kisichojua kurudi sifuri hukatika hapohapo, na initrd za leo hupita kiwango hicho bila shida.

Hata ikifaulu, TFTP ni ya pole pole kwa asili: kila bloku husubiri risiti yake. Initrd ya MB 80 ni kama bloku 54,500. Kwa ucheleweshaji wa milisekunde 1 hiyo ni dakika moja hivi. Kupitia VPN yenye milisekunde 20 ni dakika 18. Beba kianzishi tu kwa TFTP, kerneli na initrd zipitie HTTP. `python3 -m http.server 8080 --directory /srv/http` inatosha kwa majaribio.

## Faili imefika, lakini si yake

Mashine ya BIOS ikipewa faili ya `.efi`, iPXE husema `Exec format error`. Mashine ya UEFI ikipewa `pxelinux.0`, huipakua, huikataa, na kurudi kwenye menyu bila maelezo ya maana. Chanzo ni kuweka jina moja la faili kwa wote, kwa chaguo la 67 la DHCP. Mashine yenyewe hujitambulisha kwa chaguo la 93: 0 ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64, na mistari ya `dhcp-match` hapo juu ndiyo huisoma. Tumeweka 9 pia kwa sababu famuwea chache hujitaja hivyo. `<bootp>` ya libvirt hutaja faili moja tu, kwa hiyo ukichanganya aina mbili, tengeneza mtandao usio na `<dhcp>` na uendeshe dnsmasq yako.

UEFI ikiwa na Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini tu), kianzishi kisicho na saini kitapakuliwa kisha kitakataliwa. Tumia `shimx64.efi.signed` na `grubnetx64.efi.signed` za usambazaji wako. Ya pili ipe jina `grubx64.efi` na uiweke folda moja na shim, kwa kuwa shim huitafuta kwa jina hilo. Hyper-V ya kizazi cha 2 huamini saini za Windows pekee hadi uiambie vinginevyo:

```
Set-VMFirmware -VMName 'seva1' -SecureBootTemplate MicrosoftUEFICertificateAuthority
```

Ukifika kwenye `grub>` tupu, kianzishi cha GRUB kiko hai ila hakijaona usanidi wake. Soma kwenye kumbukumbu za dnsmasq ni njia gani imeombwa. Ubuntu hutafuta `grub/grub.cfg` chini ya mzizi wa TFTP. Usikisie, seva imeshakuandikia.

PXELINUX, kianzishi kilicho ndani ya `pxelinux.0`, ina utaratibu wake: hutafuta ndani ya `pxelinux.cfg/` kwa UUID (kitambulisho cha mashine), kisha kwa MAC yenye `01-` mbele na vistari katikati, kisha kwa IP katika heksadesimali, mathalani `C0A87A39` kwa 192.168.122.57, ikipunguza tarakimu moja moja, mwisho `default`. Mfululizo wa "haipatikani" kabla ya `default` ni wa kawaida. `Failed to load ldlinux.c32` si wa kawaida: tangu Syslinux 5 faili hiyo lazima ikae karibu na `pxelinux.0` na zitoke toleo moja. Nakili zote kutoka kifurushi kimoja, pamoja na `menu.c32` na `libutil.c32`.

Mashine zilizonakiliwa zikibeba MAC ileile zitagombea IP moja na kusoma usanidi mmoja. Nakili kwa `virt-clone`, ambayo hutoa MAC na UUID mpya.

## iPXE inayozunguka bila kufika

Skrini inaonyesha iPXE ikianza, ikipata IP, ikipakua `undionly.kpxe`, kisha iPXE ikianza tena, na tena. Kila iPXE mpya huuliza DHCP na kupewa jibu lilelile: pakua iPXE. Vunja mduara kwa kuitambua kwa chaguo la 175:

```
dhcp-match=set:ipxe,175
dhcp-boot=tag:!ipxe,tag:bios,undionly.kpxe
dhcp-boot=tag:!ipxe,tag:efi64,ipxe.efi
dhcp-boot=tag:ipxe,http://192.168.150.1:8080/anza.ipxe
```

Kwenye BIOS ya QEMU `undionly.kpxe` haihitajiki kabisa, maana ROM tayari ni iPXE na itaenda HTTP moja kwa moja. Ukibonyeza Ctrl+B ikianza, unapata amri: `dhcp`, kisha `show net0/filename` na `show net0/next-server` zitakuonyesha ilichoambiwa hasa.

## Kerneli imewaka, kisha imekufa

PXE imeshamaliza kazi yake hapa, ingawa lawama bado huielekea.

`VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` ni initrd iliyokosekana. Kwenye iPXE ya UEFI chanzo cha kawaida ni mstari wa `kernel` usio na `initrd=initrd.img`, BIOS huvumilia kasoro hiyo, UEFI mara nyingi haivumilii.

`Initramfs unpacking failed: write error` au `No space left on device` ni RAM. Mashine ya GB 1 iliyotosha mfumo uliokwisha kusakinishwa haitoshi kuusakinisha. Ubuntu Server 24.04 ikiwashwa kwa `url=` huvuta ISO nzima, zaidi ya GB 2.5, hadi kwenye RAM kabla ya kuanza. Ipe mashine GB 6 wakati wa usakinishaji, kisha punguza.

`dracut-initqueue timeout` kwenye Fedora na ndugu zake ni `inst.repo=` (anwani ya chanzo cha usakinishaji) isiyofikika: mtandao wa ndani hauna njia ya kutoka, au anwani imeandikwa kwa jina na hakuna DNS, jambo ambalo `port=0` yako huenda ndilo lililolisababisha. Tumia IP. Mashine ikiwa na kadi mbili, kerneli inaweza kuuliza DHCP kwenye ile isiyo sahihi. Ongeza `IPAPPEND 2` kwenye PXELINUX ili ijulishwe kadi iliyowashia.

Na ikiwa usakinishaji umekamilika, mashine imejianzisha upya, na kisakinishi kimetokea tena kama vile hakuna kilichofanyika, mtandao bado uko mbele ya diski. Weka diski kwanza, mtandao pili. Diski tupu haiwaki, kwa hiyo mara ya kwanza BIOS itaipita yenyewe na kwenda mtandaoni. Mara ya pili itaikuta imejaa. Kwa libvirt ni `<boot order='1'/>` kwenye `<disk>` na `<boot order='2'/>` kwenye `<interface>`.